Tafakari ya Juma: Mtetemo wa Gari na Hukumu ya Haraka



Wapendwa Taifa la Mungu, katika Dominika ya 19 ya Mwaka A Mama Kanisa anatupandisha mlimani Horebu pamoja na nabii Eliya. Somo la kwanza, kutoka Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 19, linatueleza jinsi nabii alivyosimama mbele ya pango, ukapita upepo wa nguvu, kisha tetemeko la nchi, kisha moto, na katika yote hayo Bwana hakuwamo. Baada ya hayo ikaja sauti ndogo, tulivu, na Eliya alipoisikia alijifunika uso kwa joho lake.

Katika mahubiri niligusia kwa kifupi habari ya gari la parokia niliyoitumikia kabla ya kuja hapa. Baada ya Misa baadhi yenu mlinifuata pale mlangoni mkitaka niimalizie. Leo naimaliza, ingawa si habari inayonipa sifa. Dereva ninayemtaja humu nimempigia simu nikamwomba ruhusa. Alicheka, akasema, “Andika tu, Baba, ila usiandike jina langu, watu wasije wakadhani mimi ni fundi.”

Parokia ile iko mkoani Ruvuma, ina vigango tisa, na kigango cha mbali kipo kilomita 34 kutoka nyumba ya mapadre, barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika. Gari letu lilikuwa kipanya cha dizeli, kikuukuu, chenye injini ya silinda 4 iliyokaa chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona injini unainua kiti cha dereva. Kipanya hicho kilibeba kwaya, mahindi ya mavuno, makatekista, saruji, majeneza na wagonjwa. Dereva wake alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mtulivu, ambaye alikuwa amekiendesha kwa miaka 14, chini ya maparoko watatu kabla yangu.

Mwezi Aprili mwaka 2019 gari lilianza kutetemeka. Si ule mtikisiko wa kawaida wa injini ya dizeli ambao sote tunaujua. Gari likisimama huku linanguruma, usukani ulicheza mikononi, vioo vya pembeni havikuonyesha kitu, na rozari iliyoning'inia kwenye kioo cha ndani ilipigapiga kama kengele. Likiondoka na kushika mwendo, mtetemo ulipungua. Likisimama tena, ulirudi.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni jinsi akili ya mwanadamu inavyofanya kazi. Juma moja kabla ya mtetemo kuanza, kituo cha mafuta cha mjini kilikuwa kimekaukiwa, na dereva alinunua dizeli ya madumu kwa mtu wa barabarani ili awahi kuwachukua makatekista kwenye semina. Nilizijua habari za mafuta yaliyochakachuliwa, yaani dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Wakati mmoja biashara hiyo ilienea sana nchini, hata mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Nilijua pia kwamba pampu ya injini ya dizeli ya zamani hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na kwamba mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi vya kutosha. Basi nikaunganisha: madumu, mafuta ya taa, pampu kuharibika, gari kutetemeka. Nikaongeza kiungo kimoja ambacho hakuna aliyenipa: kwamba dereva alinunua ya bei rahisi kwa makusudi, na tofauti ya bei akaitia mfukoni.

Mlolongo huo ulikuwa mzuri. Seminarini tulifundishwa mantiki, nami niliipenda. Lakini mwalimu wetu wa mantiki alikuwa akituonya kwamba hoja yaweza kuwa na umbo zuri na bado ikasimama juu ya msingi wa uongo. Onyo hilo nililiandika vizuri sana katika daftari, na daftari nikaliacha huko huko.

Nikaagiza tangi likaushwe na dizeli safi iwekwe. Gari likaendelea kutetemeka vile vile. Mtu mwenye kutafuta ukweli angesema, “Basi huenda si mafuta.” Mimi nikasema, “Pampu imekwisha haribika tayari.” Angalieni hapo. Ushahidi ulikuja kunipinga, nami nikaugeuza ukawa wa kuniunga mkono.

Siku moja jioni dereva alikuja ofisini, akavua kofia, akasimama karibu na mlango.

“Baba, samahani. Lile gari, ukiachia klachi kuna kitu kinagonga chini ya kiti changu. Ngo! Mara moja tu, halafu kinanyamaza.”

Nilikuwa naandika taarifa ya Jimbo. Bila kuinua kichwa nikamjibu, “Mzee wangu, tatizo tunalijua. Ni yale mafuta.”

Alisimama kidogo. Kisha akasema, “Haya, Baba,” akaondoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ndogo na tulivu, wapendwa. Nilikuwa nasikia tetemeko tu.

Nikalipeleka gari mjini. Kwenye gereji ile sikumwambia fundi dalili za ugonjwa, bali nilimtajia ugonjwa wenyewe na dawa yake: “Pampu na nozeli zimeharibiwa na mafuta machafu, naomba uzifungue uzitengeneze.” Fundi yule alinitii. Simlaumu, nilizungumza kama mwenye mamlaka, tena nimevaa kola. Kazi ile ilimeza shilingi 1,350,000, sehemu kubwa ya michango ya mavuno ambayo mama zetu wa WAWATA walikuwa wameikusanya debe kwa debe. Gari liliporudi lilivuta vizuri zaidi, moshi ulipungua, na lilitetemeka kama zamani.

Hapo ndipo nilipotenda kosa lililo kubwa kuliko fedha. Katika kikao cha Halmashauri ya Walei, nilipoulizwa fedha zimekwenda wapi, nilieleza habari ya pampu, kisha nikasema, “Tusishangae magari ya Kanisa hayadumu. Wapo watu wanaokunywa dizeli ya Kanisa.” Sikutaja jina. Haikuwa lazima, kwa kuwa gari lilikuwa moja na dereva wake mmoja. Alikuwa ameketi nyuma, karibu na dirisha. Watu wote hawakugeuka kumtazama, na jinsi walivyojizuia kugeuka ilikuwa mbaya kuliko kama wangegeuka. Siku iliyofuata nilichukua ufunguo wa tangi, nikawa nao mimi. Majuma mawili baadaye mwenyekiti wa jumuiya yao aliniambia kwamba mke wa dereva haji tena kusali na wenzake. Dereva mwenyewe aliendelea na kazi, hakunung'unika, wala hakusema tena neno lolote kuhusu gari.

Mwezi Juni, usiku wa saa tano, katekista wa kigango cha mbali alipiga simu. Kulikuwa na mama mjamzito, uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, mtoto hatoki, na mkunga wa zahanati alisema lazima afikishwe hospitali. Tuliondoka dereva na mimi. Tulimchukua, pamoja na mama mkwe wake, tukaanza kurudi. Katika kilima kimoja, kilomita 11 kabla ya hospitali, dereva alirudisha gia ya kwanza na kuachia klachi. Tukasikia ule mgongo chini ya kiti, safari hii kwa nguvu, kisha mlio wa kitu kinachokatwa, na mvuke ukajaa ndani. Injini iliinuka mahali pake, feni ikaukata mpira wa maji wa rejeta.

Tulisimama gizani. Mama yule alikuwa akilia kwa sauti iliyokwisha choka. Dereva alinitazama akasema polepole tu, bila ghadhabu, “Baba, nilikuambia.”

Mungu ni mwema. Kijana mmoja wa bodaboda alipita, tukamsihi. Akamchukua mgonjwa katikati, mama mkwe akakaa nyuma akimshika, wakaenda mwendo wa kutembea katika giza lile. Sikupata usingizi mpaka saa kumi na mbili asubuhi, simu ilipoingia: amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, wote wawili wazima. Lakini najua, na sitaki kujifariji kwa kujificha ndani ya neema ya Mungu, kwamba ingeweza kuwa vingine. Na kama ingekuwa vingine, chanzo chake kingekuwa ofisini kwangu, siku ile nilipokataa kuinua kichwa.

Kulipokucha alifika fundi mzee kutoka kijiji cha jirani. Ujanani alijifunza ufundi kwa mabruda Wabenediktini wa Peramiho, ambao tangu walipofika huko mwaka 1898 walijenga kanisa na karakana pamoja, kwa kuwa wanaye baba anayewafundisha kusali na kufanya kazi. Nilipomwamkia “Shikamoo, Mzee” na kuanza kumweleza habari ya mafuta na pampu, alinyanyua mkono.

“Marahaba, Baba. Ngoja kwanza. Ukinitajia ugonjwa, nitauona hata kama haupo. Niambie, linatetemeka wakati gani?”

Nikanyamaza, kwa sababu sikujua sawasawa. Akamgeukia dereva, na dereva akajibu yote: linatetemeka likisimama, gia ikiwa huru, linapungua likishika mwendo, na kuna mgongo mmoja klachi inapoachiwa.

Tulibadilisha mpira wa maji, tukalivuta gari mpaka uani kwa fundi, naye akaanza kazi. Nataka niwaeleze hatua zake moja moja, kwanza kwa sababu wengi wenu mna magari na pikipiki za mizigo, na pili kwa sababu baadaye nilitambua kwamba alikuwa akinifundisha namna ya kuchunguza dhamiri.

Kwanza alitenga kinachowezekana na kisichowezekana. “Gari limesimama na linatetemeka,” alisema. “Basi si magurudumu, wala si propela shafti, maana hivyo havizunguki sasa.” Akanieleza kwamba kila kitu kinachozunguka kina mwendo wake, na mtetemo unakutajia mwendo wa mwenyewe. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu la ukubwa ule huzunguka kama mara 8 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu lisilo na mizani hutikisa taratibu, unausikia usukani ukicheza. Propela shafti huzunguka kama mara nne ya hapo, nayo hutetemesha kwa kuvuma, unaisikia sakafuni na kitini. Na yote mawili hufuata mwendo wa gari. Mtetemo unaofuata mngurumo wa injini, hata gari likiwa limesimama, asili yake ni injini au vitu vinavyoishikilia.

Pili, aliuliza kama silinda zote zinafanya kazi. Injini ya silinda 4 ya mizunguko minne huwaka mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa kreni shafti. Ikinguruma polepole, mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni mipigo 25 kwa sekunde, inayofuatana sawa sawa hata mwili hauihesabu. Silinda moja ikifa, panatokea pengo mara moja katika kila mizunguko miwili, kama mara 6 kwa sekunde, na hilo mwili unalihisi: gari linachechemea. Mafundi husema injini “inamisi.” Ili kupima, alilegeza kidogo nati ya bomba la nozeli ya kwanza huku injini inanguruma. Sauti ikabadilika, injini ikapungukiwa nguvu. Akaikaza, akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara sauti ilibadilika kwa kiasi kile kile. Maana yake silinda zote nne zilikuwa zinabeba mzigo wao. (Naomba msijaribu jambo hili wenyewe. Dizeli hutoka pale kwa msukumo mkubwa unaoweza kutoboa ngozi, na katika magari ya kisasa yenye mfumo wa msukumo mkubwa zaidi halifanyiki kabisa. Yule mzee alikuwa anajua mkono wake uko wapi.)

“Pampu yako ni nzima, Baba,” alisema. “Na ilikuwa nzima.”

Sikujibu. Dereva alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, akitazama chini.

Tatu, fundi aliinua kiti cha dereva ili injini ionekane. Akahakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, akaweka mawe kwenye magurudumu, akamwambia dereva akanyage breki, avute na breki ya mkono, atie gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu, mpaka injini ihisi mzigo. Injini nzima ikainuka upande wa kushoto, kwa urefu wa vidole viwili. Dereva alipokanyaga klachi, ikaanguka: ngo! Akatia rivasi, akaachia klachi tena. Safari hii injini ilijilaza upande huo huo, haikuinuka. Fundi akachukua mtaimbo na tochi, akaingia chini, akatuita tutazame.

Injini haikai juu ya chuma cha gari moja kwa moja. Inabebwa na vipande vya mpira mnene vilivyogandishwa kwenye mabamba ya chuma, viwili mbavuni na kimoja nyuma, chini ya giaboksi. Kazi yake ni kushikilia uzito wa injini na wakati huo huo kumeza mtikisiko wake, kwa sababu injini ya silinda 4, hata ikiwa nzima kabisa, haiachi kutikisika. Pistoni zinapopanda na kushuka hazilingani mwendo sawasawa, na injini ya dizeli hupiga kwa nguvu kwa kuwa inabana hewa sana. Mpira wa kushoto wa gari letu ulikuwa umepasuka wote. Bamba la juu na bamba la chini yalikuwa yanagusana, chuma kwa chuma, na kila mpigo wa injini ulikuwa unaingia mwilini mwa gari bila kitu cha kuupokea. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Kilichokufa ni kile kilichoibeba.

Nikasema, “Basi tununue mpira mpya tuufunge.”

“Bado,” akasema mzee. “Kwa nini umekufa huu, na wa kulia ni mzima? Ilifungwa siku moja.” Akaubonyeza ule mpira kwa kidole, ulikuwa umevimba na kulainika kama mkate uliolowa. Akafuatisha tochi kwenda juu, mpaka kwenye mfuniko wa vali, ambako gasketi ilikuwa imekakamaa na oili ilikuwa ikichuruzika tone kwa tone juu ya mpira ule, pengine kwa mwaka mzima na zaidi. Mpira wa namna ile hauvumilii oili. “Ukibadilisha mpira ukaacha oili inadondoka,” alisema, “mwakani utaniita tena.”

Tulibadilisha gasketi kwanza. Tukaosha eneo lote kwa sabuni mpaka pakakauka. Kisha akaweka jeki chini ya kipande cha ubao, akainua injini kwa hadhari, akafunga mpira mpya kushoto, na wa kulia pia, ili ibebwe sawa pande zote. Bolti akazilegeza kidogo, akawasha injini ijikalie yenyewe, ndipo akazikaza. Spea na ufundi, vyote pamoja, havikufika shilingi 200,000.

Dereva aliliwasha gari. Rozari kwenye kioo ilining'inia, imetulia.

Wapendwa, Mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, anatufundisha kwamba viungo vya mwili vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vyenye ulazima zaidi. Kipande cha mpira chini ya injini hakuna anayekisifu. Parokia nayo ina watu wa namna hiyo: wanaobeba uzito, wanaomeza mitikisiko ya wengine, hata sisi wenye kunguruma tunadhani kwamba utulivu ni wetu. Dereva wangu kwa miaka 14 alikuwa mtu wa namna hiyo. Nami nilikuwa oili inayomdondokea.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika nambari ya 2477, inaitaja hukumu ya haraka miongoni mwa makosa dhidi ya heshima ya jirani: ni kukubali moyoni, hata kwa siri, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani ametenda kosa. Nambari inayofuata inatuelekeza tujitahidi kuyapokea mawazo, maneno na matendo ya jirani kwa maana iliyo njema kadiri iwezekanavyo; ni shauri alilolitoa Mtakatifu Inyasi wa Loyola mwanzoni mwa Mazoezi yake ya Kiroho. Na nambari ya 2487 inatudai malipizi: aliyevunja heshima ya mtu anawajibika kuirudisha, hata kama amekwisha samehewa.

Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua. Niliungama kwa padre mwenzangu, nikapata maondoleo, na kwa muda nikajaribu kuamini kwamba shauri limekwisha. Padre yule aliniuliza swali moja: “Ulimsema wapi?” Nikajibu, “Kikaoni.” Akasema, “Basi unajua pa kwenda.”

Kabla ya kikao nilimwendea dereva nyumbani kwake. Nilimwomba radhi yeye na mkewe, nikamrudishia ufunguo wa tangi. Mama aliniletea kiti, akaniletea maji, wala hakusema neno mpaka naondoka. Kikaoni nilisimama nikaeleza yote: kwamba mafuta hayakuwa tatizo, kwamba fedha za mavuno nilizipoteza mimi kwa kutokusikiliza, na kwamba maneno niliyoyasema juu ya watu wanaokunywa dizeli ya Kanisa yalimlenga mtu asiye na hatia. Kikao kilikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha mzee mmoja akasema, “Tumesikia, Baba,” na ajenda ikaendelea.

Nilitamani kuwaambia kwamba siku ile ile yote yalipona. La hasha. Mke wa dereva alirudi jumuiyani baada ya miezi kadhaa, si siku iliyofuata. Lipo dumu la maji lililomwagika ambalo hata ukiomba radhi hulizoi lote. Ila baada ya kikao dereva alinisubiri nje, karibu na gari. Akasema, “Baba, kesho tukienda kigangoni, nyuma kuna kitu kinalia kidogo. Sijui ni nini, lakini nimeona nikuambie.”

Nikamwuliza, “Kinalia wakati gani, Mzee wangu?”

Wapendwa, katika nyumba zetu, ndoa zetu, jumuiya na ofisi zetu kuna mambo yanayotetemeka. Juma hili nawaomba tufanye kama yule fundi. Tusianze na jina la mkosaji. Tuulize: jambo hili linatokea wakati gani, na linanyamaza wakati gani? Ni nani aliye karibu nalo zaidi, na je, tumempa nafasi ya kusema? Tukiisha kuona kilichopasuka, tusikimbilie kukibadilisha kabla ya kutazama juu yake kuna nini kinachodondoka. Na kama tumemhukumu mtu, tukumbuke mahali tulipomhukumia, maana ndipo tunapotakiwa kurudi.

Tusali: Ee Bwana, uliyemjia Eliya katika utulivu, tuliza ndani yetu kelele za hakika zisizo na msingi. Utupe masikio ya kuwasikia walio kimya, unyenyekevu wa kukiri tulipokosea, na uvumilivu wa kungojea uponyaji wa tuliowajeruhi. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia juma lenye baraka. Tukutane kwenye Misa, na wenye vyombo vya usafiri, tazameni kama kuna oili inayodondoka.

Paroko wenu